Vifungo Vinne Vilivyosuguliwa Mno

Mjomba wangu anaitwa Msasa, na aliyempa jina hilo hakukosea. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye karakana ya vitasa na mabomba, kazi yake kusugua shaba mpaka mteja ajione meno. Amestaafu, lakini mikono haina habari. Mkaribishe chai uone: kabla hujaleta sukari, kijiko chako kinang'aa. Kufuli la jirani alilisugua likiwa mlangoni, jirani akapiga kelele za mwizi.

Siku ya kumuaga, wenzake walimpa mashine chakavu ya kutafutia mabomba yaliyofukiwa. Ina mpini mrefu na sahani chini, na ikinusa chuma inalia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye kamba. Akaipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana, kwa sababu ya mama yake, yaani bibi yangu. Bibi ana miaka themanini na tisa. Tangu nipate akili anasimulia kwamba baba yake alikuwa askari wa kikosi cha ishirini na moja, kambi yao ilikuwa pale uwanjani, wakaenda vitani, asirudi. Mtaa mzima unamwambia pale palikuwa malisho ya ng'ombe. Hata sisi wa nyumbani, tuseme ukweli wa Mungu, tulikuwa tunaitikia "eeh, bibi" huku tunatafuta rimoti. Mjomba peke yake ndiye aliyetaka kumtoa mama yake kwenye orodha ya waongo.

Wiki mbili alirudi na vizibo vya soda na misumari. Ya tatu akaja mbio, na mjomba hata mvua haikimbii. Vifungo vinne vya koti la jeshi, vya shaba! Mimi sikuwepo, ningekuwepo ningemfunga mikono. Alivikuta vimeganda udongo na kutu ya kijani, akafanya alichofanya maisha yake yote. Akavisugua kwa ndimu, majivu, msasa laini, kitambaa, nusu siku nzima. Nilipovikuta mezani viliniumiza macho.

Jumatatu tukavipeleka makumbusho. Mama mtunzaji alivaa miwani, akageuza kimoja, akageuza cha pili, akavua miwani.

"Baba, nani amevisafisha?"

"Mimi mwenyewe," mjomba akatanua kifua. "Si unaiona kazi?"

"Naiona. Kazi imebaki, kifungo kimekwenda. Hapa mbele huwa pana namba ya kikosi. Umeifuta."

Mjomba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa na mkubwa wake.

"Vitupu hivi hata fundi cherehani anavyo," mama akaendelea. "Na Ijumaa uwanja unamwagwa zege, wanataka maegesho. Niletee kimoja chenye namba. Na usikiguse!"

Njiani sikujizuia. "Mjomba, hata kusoma kwanza?"

"Wewe uliyeacha diploma katikati ndiye wa kunifundisha kazi?"

"Angalau mimi kuacha najua."

Hakuniongelesha mpaka Jumatano. Siku zote hizo mashine ililia, akachimba, akatoa kopo la samaki. Ikalia, akachimba, akatoa bawaba. Alhamisi ilimlilia robo saa mahali pamoja, kumbe ni ndoo. Aliipiga teke ile ndoo, kisha akachechemea hadi nyumbani akiilaani.

Ijumaa asubuhi tulikuta tingatinga limetutangulia. Na kwa kuwa tingatinga lote ni chuma, mashine ikawa inalia bila kupumua.

"Mzee, hiyo inanililia mimi!" dereva akapaza sauti.

"Basi sogea!"

"Nisogee wapi, na kazi yenyewe ndipo uliposimama?"

Mwishowe akatupa muda wa kumaliza chai yake, na sijawahi kuona chai inayonywewa haraka vile. Mjomba akaitupa mashine, akapiga magoti kwenye ukingo uliokwanguliwa, akachimbua kwa kucha. Dereva anakung'uta kikombe, mjomba akatoa kifungo cha tano, kijani tupu. Kidole gumba chake kikaanza safari chenyewe.

"Mjomba!"

Akafumba macho. "Chukua wewe. Usinirudishie hata nikilia."

Makumbusho, mama mtunzaji alikipitisha brashi laini kama anamfuta mtoto usingizini. Namba ikasomeka bila taabu: kumi na nne.

"Kambi ilikuwepo," akasema. "Hilo nitaliandika na kutia saini. Lakini ishirini na moja siwezi kuiandika. Labda vile vinne..." Akavifunga kwenye karatasi, akamrudishia mjomba.

Tulipopita uwanjani, zege lilikuwa limefika katikati.

Bibi alikuwa kitandani, ameegemea mto. Mjomba akamweleza kuhusu kambi na kile kifungo cha kumi na nne. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba yangu ni wa ishirini na moja."

"Najua, mama."

"Na hivyo vinne vina namba gani?"

"Nilivisafisha, mama."

Bibi akanyoosha kiganja, akawekewa vyote vinne. Akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole, taratibu, havina hata mkwaruzo.

"Haya, kaa hapo. Niambie kila kimoja kilikuwaje kabla hujakiharibu."

Mjomba akakaa ukingoni mwa kitanda. "Cha kwanza," akaanza, akakigeuza kiganjani mwa mama yake. "Cha kwanza kilikuwa kichafu, mama."

"Na cha pili?"