Bi Harusi wa Kila Ukurasa

Majirani zangu wa Malindi walisema kuchora hakutanilisha. Nikaenda Nairobi, nikarudi na diploma, na mchapishaji mmoja akanipa riwaya kongwe niichoree picha mpya za kuwavutia vijana wa leo. Zikipendeza, ningezichorea na riwaya nyingine zote za kabatini mwake.

Kwa kujiamini, nilisoma sura ya kwanza tu, ile yenye harusi. Bi harusi nikamtia hina na piko hadi viwikoni, kikuba cha asmini kifuani na simu mkononi, kisha nikamrudia vivyo hivyo katika kila picha.

Siku ya kukabidhi kazi, mchapishaji alimwalika Bi Zuhura, mwalimu mstaafu, azikague picha.

"Shikamoo, Bi," nikasema, kifua mbele.

"Marahaba, mwanangu." Akafunua kurasa taratibu. "Mumewe huyu si amekufa sura ya pili?"

"Amekufa, Bi," nikabahatisha.

"Basi mwenzetu yumo edani tangu hapo hadi mwisho wa kitabu. Mjane wa eda anajipamba hivi kwa ajili ya nani?"

Mchapishaji akanigeukia. "Fundi, kitabu umekisoma kweli?"

Nikamjibu kwamba diploma yangu ni ya kuchora.