Glasi Tatu za Mwalimu Eunike

Mkuu wa shule aliwahi kumwambia mwalimu Eunike kwamba anafundisha kemia ya hewani. Hakukasirika, ilikuwa kweli. Katika sekondari yao ya kata, juu kidogo ya Sanya Juu, asidi ilikuwa neno la kuandikwa ubaoni na kufutwa. Ndipo akaanza kukusanya betri za tochi zilizokwisha, akizipasua na kukata maganda yake ya zinki vipande vilivyolingana. Akashuka Moshi, akanunua asidi ya betri za magari kwa fundi wa mtaa wa Soweto, akarudi nayo ameipakata kama mtoto mchanga.

Sasa bodi ya shule ilitaka kukigeuza chumba chake cha kemia kuwa ghala la mahindi, na wanafunzi wa sayansi wahamie masomo ya sanaa. Mwenyekiti, mzee Ebenezeri, mkulima wa kahawa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alimpa nafasi moja: siku ya wazazi.

"Si maneno, mwalimu. Tuonyeshe kitu."

Asubuhi ya siku hiyo aliizimua asidi yake kwa maji mengi, akaimimina katika glasi: moja ikajaa, nyingine ikafika nusu, ya tatu ikaishia robo. Angeongeza maji mbele ya wazazi hadi zilingane, waone wenyewe ipi imezimuliwa zaidi. Akaweka kikaratasi cha USINYWE, akatoka kupokea wageni.

Aliporudi nao, glasi zote tatu zilikuwa zimejaa, zimepangwa mstari, zinafanana kama maji ya kisima kimoja.

Eunike aliikimbilia meza. "Nani amegusa hizi? Kuna aliyekunywa?"

"Anywe nani, na umeandika usinywe?" alijibu mama Doris, mpishi wa shule, kitambaa bado mkononi. "Hukuandika usijaze. Nimefuta meza, nakuta moja imejaa, nyingine ina tone. Aibu gani hii mbele ya wageni! Kwetu huyu akijaziwa kata ya pombe ya mbege na yule akapewa nusu, si ugomvi? Nikaongeza maji."

"Na ukazipanga kama zilivyokuwa?"

"Ningekumbukaje?"

Chumba kizima kikacheka. "Basi, mwalimu," alisema mzee Ebenezeri, "hata wewe hujui ipi ni ipi. Mahindi yaletwe lini?"

Eunike alizitazama glasi zake. Mama Doris alikuwa amefanya kilekile alichopanga kukifanya yeye: ujazo sasa ulikuwa sawa, ukali haukuwa sawa. Tofauti ni kwamba hakuna aliyejua jibu. Na sayansi ni ya nini, kama si ya saa ambayo hakuna anayejua?

"Mzee, nisaidie basi. Kwa macho, kali ni ipi?"

"Hii ya kushoto. Inang'aa."

Kisha akawageukia wanafunzi wake watatu. "Gladness, Praygod, Martin, chukueni zinki. Pamoja... tumbukizeni!"

Kushoto mapovu yalipanda kivivu. Katikati yalining'inia machache, kama yamesinzia. Kulia glasi ilitokota bila moto, mapovu yakikimbizana hadi juu.

"Kali ni ya kulia, mzee," alisema Gladness. "Humo asidi imesongamana, inaivamia zinki kila upande. Ya katikati ni maji mengi, asidi kidogo."

"Mmebahatisha."

"Zichanganye mwenyewe," alisema Eunike.

Mzee akaopoa zinki kwa kijiko, akawageuza wanafunzi watazame ukuta, akazihamisha glasi taratibu huku wazazi wakiziba midomo wasicheke. Wanafunzi wakarudi, wakatumbukiza vipande vipya. Hawakuhitaji hata kushauriana.

"Hii ni kali," alisema Martin. "Hii ya kati. Hii imezimuliwa kuliko zote."

Macho yote kwa mzee Ebenezeri, aliyezihamisha kwa mkono wake.

"Wamepata," alisema. Kisha akasimama, akairudia kwa ile sauti yake ya kwaya: "Wamepata zote!"

Wazazi wakapiga vigelegele, viti vikaanguka. Mzee alimshika Eunike mkono na hakuuachia upesi. "Mahindi yatafute pa kulala kwingine. Hapa pana kazi."

Mama Doris alitabasamu, akaikaribia meza na kitambaa chake.

"Usiguse!" chumba kizima kikapaza sauti, na ya mzee Ebenezeri ikiwa juu kuliko zote.