Jiko Lililolala kwa Jirani

Chekeni kwanza mmalize, ndipo niwasimulie vizuri, maana najua huu mkasa mmeshausikia kwa watu na kila mtu ameongeza chumvi yake, wakati aibu ni yangu na anayeijua yote ni mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kawajense, kuni zimeshakimbilia mbali, bwana misitu akaja parokiani kutufundisha akina mama jiko la kapu. Unachukua kapu kubwa, unalijaza pumba za mpunga na blanketi kuukuu, maharage yakishachemka kidogo unaitumbukiza sufuria humo, unafunika, unakwenda zako shamba, ukirudi yameiva bila kijiti cha ziada. Somo hilo nililishika kuliko wote (kiherehere changu mnakijua), na Jumapili nikasimama jumuiyani nikatangaza kwamba anayetaka kuliona jiko aje kwangu. Basi wakaja, wiki nzima, wengine wakaliazima kabisa.

Sasa mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi na Edina, binti wa marehemu dada yangu, mwenye mchumba Msukuma wa Kasansa anaitwa Masanja, na Edina alimpenda mpaka akawa anasahau kutia chumvi kwenye mboga. Tulishaambiwa wazee wa kijana watakuja baada ya mavuno. Kwangu mimi mzaliwa wa Mamba mavuno ni mpunga, na mpunga ulikuwa bado shambani, kumbe wenzetu walihesabu mahindi.

Asubuhi moja wakaingia wazee wawili na baiskeli zao, wamevaa makoti mazito na jua lote lile. Nikawapa viti na maji, tukasalimiana, na yule mkubwa akakohoa akasema, "Mayo, mama yetu, tumesikia hapa kuna jiko. Tumekuja kuuliza."

Hata mtoto anajua kuoa ni kupata jiko, lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa pumba, na sisemi za mpunga.

"Lipo," nikasema, "na mmefika penyewe. Mtaa mzima wameshalijaribu, hakuna aliyelalamika."

Wazee wakatazamana. "Wameshalijaribu?"

"Wote. Juzi limelala kwa mama Sikitu, mume wake kalisifu sana. Nyie chukueni tu, mkakae nalo wiki moja, likiwashinda mrudishe. Mimi nitatengeneza jingine."

Yule mkubwa akaweka kikombe chini, akasema asante kwa sauti ndogo, wakapanda baiskeli. Nikabaki nashangaa, watu gani hawa wanakuja kuulizia jiko halafu wanaondoka bila kuliona. Edina akatoka chumbani analia.

"Mama mdogo, hao ni washenga, wazee wa Masanja. Umesema nimelala kwa nani?"

Nikabeba kapu kichwani, maharage yakiwa humo humo, nikakimbia peku mpaka sokoni, nikawakuta kwa fundi baiskeli (mmoja alipata pancha, Mungu asifiwe), na watu wamejaa. Nikalitua mbele yao.

"Jiko nililosema ni hili, baba. Hili hapa." Nikafunua, mvuke ukatoka.

Mzee akachungulia. "Kwa hiyo lililolala kwa jirani ni hili?"

"Ni hili."

"Na lile lingine?"

"Lile lingine halijalala popote, baba. Nimelilea mwenyewe."

Soko zima likacheka, fundi baiskeli akalazimika kukaa chini. Mzee hakucheka. Aliomba kijiko, akaonja maharage, akatafuna taratibu, kisha akasema watarudi Jumamosi, ila safari hiyo azungumze mume wangu.

Walirudi, na Edina akaolewa. Siku ya harusi yule mzee alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mama huyu alitupa wiki moja, likitushinda turudishe. Halirudi." Edina alicheka mpaka machozi, nami nikainamia sahani yangu.

Kuni nazibana mpaka leo, na maharage nayaivisha vile vile. Ila kile chombo, tangu siku ile, nakiita kapu.