Ubao wa Elfu Tano na Arobaini

Mavis Thirkettle alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, na kila Jumatano alivuta kengele ya pili katika mnara wa kanisa letu, huku mkoani Suffolk. Mimi nilivuta ya tatu, kwa hiyo sisimuliwi na mtu.

Mumewe, Cyril, ndiye aliyetuongoza kupiga elfu tano na arobaini, mwaka 1958. Namba hiyo haikuokotwa tu. Kengele saba zinaweza kufuatana kwa njia elfu tano na arobaini, wala haiongezeki hata moja: saba mara sita mara tano, ushuke hivyo mpaka moja. Cyril alituchosha kwa kuisifu. Hugawanyika bila baki kwa kila namba toka moja hadi kumi, alisema, na ya kwanza kugoma ni kumi na moja. Tulipiga saa tatu bila kupumzika. Ubao wenye jina lake kwa rangi ya dhahabu ukatundikwa mnarani, na kabla ya Krismasi tukamzika.

Miaka kumi na minne baadaye Mavis aliamua kutunakilia mpangilio ambao mumewe aliutunga kwa ajili ya siku ile. Aliandika safu zote, kila safu mfuatano mmoja wa kengele saba, nyuma ya mabaki ya karatasi za ukutani, jikoni kwake, kila alasiri. Akakuta safu sita zimejirudia. Basi nyingine sita hazikupigwa kamwe. Na kwetu wapiga kengele, safu moja tu ikirudi, kazi nzima ni batili.

Alituambia Jumatano iliyofuata, koti bado mwilini. Mimi nilikasirika, sifichi.

"Bi Mavis, nani atajua?" nikamwambia. "Mwache mzee wa watu apumzike."

"Mimi nimeshajua, Albert," alisema. "Nipe bisibisi."

Sikumpa, wala wenzangu hawakumpa. Akashuka ngazi zote zile, akaenda kwake, akarudi na ya kwake. Ubao aliufungua mwenyewe, akaubeba kwapani.

Majira yote ya baridi aliurekebisha ule mpangilio. Oktoba, akiwa na miaka sabini na mmoja, akatuongoza yeye. Tulipiga kwa saa tatu na dakika nne, na hakuna safu iliyorudi. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, nikalia mbele ya watu.

Mchoraji aliyeitwa kuandika kumbukumbu ya siku hiyo alipoulizia ubao mpya, Mavis alimpa ule ule wa zamani, aandike upande wa nyuma. Tulipoutundika, jina la Cyril likabaki limeelekea ukutani. Nikamuuliza kama haoni uchungu kumgeuza mumewe hivyo.

Aliipangusa fremu kwa leso yake.

"Naona, tena sana," alisema. "Lakini zile sita alikufa hajazisikia. Sasa nimempigia."