Chumvi ya Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa mdogo wangu mgongoni, enzi za Mwingereza, huku kwetu Lyamkena, jirani na Makambako, mtu akianza kupotewa na akili hatukusema anaumwa. Tulisema anachukuliwa. Usiku wachawi wanamlimisha mashambani mwao, wanamlisha pumba zisizo na chumvi, alfajiri wanamrudisha kitandani. Ndiyo maana anaamka amechoka, uso na miguu vimevimba.

Bibi, mama yake baba, akawa anaamka hivyo. Kwanza alisahau alikoweka jembe. Kisha akasahau njia ya mtoni, njia aliyonionyesha yeye mwenyewe. Akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Jamani, nilikuwa naitika tu.

Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge, na salamu zilishafika kwamba baada ya mavuno angerudi. Mama hakuwa na raha.

"Akikuta mama yake hamjui, nitamwambia nini? Kwamba nilikaa tu nikiwatazama wakimchukua?"

Dawa kila mtu aliijua: chumvi. Anayechukuliwa akila chumvi ya kutosha, wachawi wanamshindwa na akili inarudi. Mama akauza kuku, akaenda Makambako kwa miguu katika ukungu na baridi yetu ile, akarudi na chumvi. Tukaitia kwenye uji wa ulezi, kwenye mboga, hata kwenye maji ya kunywa. Kumnywesha ilikuwa kazi yangu, maana hakumkubali mwingine.

Siku moja Bibi aliisukuma kata ya maji, akanitazama sawasawa.

"Eliza, mjukuu wangu, chumvi imezidi."

Jina langu! Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja mbio. "Mmesikia? Kamjua mtoto! Akili inarudi!" Wee, tulivyofurahi. Jioni ile Mama akaongeza chumvi.

Baba aliporudi, uso wa Bibi ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani vizuri. Alimpokea mwanawe kwa adabu zote: "Kamwene, mgeni. Umetoka wapi?" Baba alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Haukupita muda, tukamzika Bibi.

Miaka mingi baadaye yule mdogo wangu wa mgongoni aliugua figo. Nilimpeleka hospitali Njombe pamoja na Mama, mzee sasa. Daktari, kijana mpole, alitueleza kwamba figo zikichoka kwa muda mrefu, uchafu unabaki kwenye damu na kuusumbua ubongo. Mgonjwa anavimba, anasahau, anachanganyikiwa.

"Na chumvi, mama, mpunguzieni sana."

"Ikizidi?" Mama akauliza.

"Mtammaliza."

Tulipofika nyumbani Mama alichukua kopo la chumvi, akakaa nalo mapajani.

"Eliza. Alisema imezidi."

"Tulikuwa tunampenda, Mama."

"Najua. Lakini alisema."

Mpaka leo naona haya, ingawa nilikuwa mtoto na nilitumwa. Wachawi tuliwatafuta kwa majirani wote, kumbe kata nilikuwa nimeishika mimi. Na siku ile, katika nyumba yetu nzima, mwenye akili alikuwa Bibi peke yake. Nasi tukapiga vigelegele, tukamjazia kata nyingine.