Miwani Mfukoni

Mchungaji wetu huhubiri kwa kusoma karatasi, kidole kikifuata mstari, na kila ukurasa haufunguki mpaka alambe kidole gumba. Mahubiri yale nayajua hadi mahali pa kukohoa, kwa hiyo mimi hulala, tena benchi la mbele, wala sioni haya. Jumapili iliyopita alivua miwani akaitia mfukoni, naye bila miwani haoni hata mkono wake. Akashika mimbari kwa nguvu. "Ndugu zangu, tangu mke wangu afariki sijaomba. Nawasomea tu." Mzee wa kanisa akamnong'oneza kwamba muda umekwisha. Mchungaji akataka kumalizia kwa zaburi yake ya kila Jumapili. Akapapasa mfukoni, miwani ikamponyoka ikaanguka.

"Iache, mwanangu," nikamwambia palepale nilipokaa. "Mimi kusoma ni kwa kubahatisha, lakini zaburi hiyo ninayo kichwani. Nifuatishe."

Akafumba macho, akanifuatisha kama mtoto wa darasa la kwanza, na kanisa zima likamfuata. Zaburi ikaisha, nikanyamaza. Yeye hakunyamaza, akaendelea kuomba kwa maneno yake mwenyewe, nami nikakaa macho mpaka amina.