Tofali Nililofyatua, Darasa Nililonyimwa

Upepo ulikuja mchana, tukiwa tumeshatoka darasani. Uling'oa paa lote la nyasi, kisha mvua ya mawe ikapiga kuta za udongo mpaka zikalala. Shule yetu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Shinyanga mjini, ikabaki miimo ya mlango tu.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, aliamuru kila kaya itoe mtu mmoja wa kufyatua matofali mpaka shule isimame. Kaka zangu walikuwa machungani. Baba akanitazama.

"Utakwenda wewe. Shule ikiisha, utarudi kusoma."

Nilikwenda kwa furaha. Kiangazi kizima nilichota maji mtoni, nikakanyaga udongo uliochanganywa na majani makavu, nikajaza kalibu. Nyayo zilipasuka. Wanaume walinicheka mwanzoni. Baadaye wakaniachia kalibu moja iwe yangu, na mmoja wao akawa ananiita fundi.

Siku ya kufungua, mama alinipaka mafuta, nikavaa gauni langu la kaniki. Mwalimu aliita majina mpaka mwisho, akafunga daftari.

"Mwalimu, mimi hukuniita."

Hakunitazama usoni. "Baba yako alikuja kwangu. Alisema hutarudi tena."

"Alikuja lini?"

"Kabla hatujafyatua tofali la kwanza."

Nyumbani nilimkuta baba anasokota kamba ya ng'ombe. Nilimuuliza, wala hakukana.

"Ningekuambia, ungefanya kazi vile?"

Kunyimwa shule ningevumilia. Wasichana wengi walinyimwa. Lakini swali lile lilinikata maini. Nikamgeukia mama, aliyekuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa.

"Mayu, ulijua?"

Akatikisa kile kibuyu kana kwamba hakunisikia.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimwamkia kila asubuhi, nilimpikia, alipougua nilimwosha. Ila sikungojea tena jambo lolote aliloniahidi. Alipokuja kuniambia amenipatia mchumba mpole, nilijitwika mtungi nikaenda hadi kisima cha kijiji cha yule mwanamume, nikawauliza wanawake wa kule. Waliangaliana. Mmoja akanionyesha kovu la mke wa kwanza, aliyekuwa palepale akichota maji.

Nilirudi nikakataa. Baba alikasirika, akaniuliza tangu lini simwamini.